Dakika Nne

Basi la saa kumi na mbili lilifutwa Oktoba
kwa barua ya mistari mitatu
iliyobandikwa kwenye kioo cha kituo, konokono akitambaa juu yake.
Basi nikaketi jikoni, juu ya duka la mikate lililofungwa,
nikaanza kuandika programu.

Nilitaka jambo dogo.
Si kuweka nafasi, si kupanga tangu juzi,
si nyota tano wala picha ya dereva anayechekea kamera.
Kitufe kimoja: *Natoka sasa.*
Kingine: *Nipo hapa.*
Nukta ya buluu ni kiti kitupu kinachopita,
nukta nyekundu ni mtu na mfuko wake,
na kazi yangu yote ilikuwa kuzikutanisha
kabla kona haijazitenga.

Waliojaribu kwanza walikuwa saba.
Watatu binamu zangu.
Gethin Prosser, mfuga kondoo wa Cwm Hesgin,
aliniuliza kama kondoo mwenye mimba kwenye kiti cha nyuma
ahesabiwe abiria.
Nikaongeza kisanduku: *Kuna mnyama.*
Kilitumika kuliko vyote.

Sasa ngoja nikiri.
Ukivuka daraja la Garreg netiweki inakatika
kama uzi kwenye meno ya fundi cherehani.
Hilo nililijua. Nimekua nalo.
Ila kwenye msimbo, mstari wa mia nne na kumi na mbili,
sikuifundisha nukta kufa.
Gari la Gethin likavuka, likanyamaza,
na kwenye ramani likabaki pale pale darajani,
la buluu, linameremeta,
dakika nne kutoka kwa kila aliyeuliza.
Siku sita.
Mwenyewe alikuwa mnadani Hereford
akigombania bei ya dume.

Mererid, muuguzi wa zamu ya usiku,
alisimama mbele ya kanisa lililogeuzwa ghala la mazulia.
Dakika nne. Akasubiri nne.
Dakika nne. Akasubiri nne nyingine.
Subira huvuta heri, tunaambiana;
yake ilivuta mvua ya kupiga ubavuni
na mafua ya wiki mbili.
Aliyemchukua mwishowe ni lori la maziwa,
dereva asiye na programu yangu,
mwenye macho tu, na breki.

Ujumbe wake ulikuwa mfupi:
*Nukta yako ni mwongo.*

Usiku huo nilifuta zaidi ya nilivyoandika.
Sasa nukta isiyosema kitu kwa dakika tatu
huanza kupauka, ikawa kijivu, ikatoweka,
na palipokuwa na tarakimu
pameandikwa: *Sijui.*
Neno hilo lilinichukua siku nne.
Mfadhili, mtu wa Cardiff mwenye viatu visivyojua tope,
hakulipenda.
“Nani atapakua programu isiyojua?”
Nikaliacha. Yeye akaondoka.

Februari, nikitoka kwa mama,
simu ililia kwenye kishikio chake.
Nyekundu, mbele ya kanisa lile lile.
Nikasimama.
Aliingia na harufu ya dawa ya kunawia mikono,
akafuta miwani kwa ncha ya skafu,
akafunga mkanda, akasema kitu hiki siku hizi kimepona,
ila zamani, we!
kuna mpumbavu mmoja alimwacha hapa arobaini nzima.
“Simfahamu,” akasema, “lakini naomba naye alinyeshewa.”

Nikageuza kitufe, joto limfikie miguuni.

Daraja likaja. Likapita.
Kule kwenye ramani tukaanza kupauka,
na kwa yeyote aliyekuwa anatutafuta
tukageuka *Sijui*.
Ndani ya gari yeye ananielekeza kwa kidole:
kushoto kwenye mapipa, polepole, kuna shimo,
halafu mlango wa kijani.
“Na wewe,” akauliza,
“unafanya kazi gani?”